Kontrola moja ya kila kitu, au kila kitu na kontrola yake?

Najua nimekuwa kimya. Kwanza kazi ilinimeza, halafu kontrola yangu ya MIDI ikafa, na kifo hicho kikanipeleka mahali ambapo sikutarajia kufika. Leo nawasimulia, kwa sababu watu wawili wameniuliza swali lile lile wiki hii: ukiwa na pesa kidogo na unataka kutengeneza muziki kwa tarakilishi, ununue kontrola moja yenye kila kitu, au ununue vifaa mbalimbali, kila kimoja na kazi yake?

Kwa wageni: mchana mimi huandika programu hapa Kakamega mjini, hasa mifumo ya hesabu ya maduka na vyama vya akiba. Usiku hutengeneza muziki chumbani, hedifoni masikioni, watu wa nyumbani wakiwa wamelala.

Kontrola iliyokufa ilikuwa ya ile aina ya kila kitu ndani ya kisanduku kimoja. Vibonye 25 vya kinanda, pedi 8 za kupigia ngoma, na nobu 8 za kuzungusha. (Ndiyo, pedi, na msicheke. Siku ya kwanza nilipoingia dukani nikasema nataka kitu chenye pedi nane, yule dada wa kaunta alinielekeza duka la dawa.) Niliitumia miaka minne. Jioni moja mtoto alikanyaga waya, tundu la USB likang'oka kwa ndani, na mambo yakaishia hapo. Vibonye vilikuwa vizima, pedi zilikuwa nzima, nobu zilikuwa nzima, lakini vyote vilipumulia tundu moja. Fundi wa simu alijaribu kulehemu mara mbili, kisha akanirudishia akisema, "Boss, hii bodi imechoka."

Nilikuwa na akiba ya shilingi 30,000. Mke wangu alijua kiasi chake hadi senti ya mwisho, kwa hivyo nafasi ya kukosea ilikuwa moja tu.

Kabla sijaendelea, maneno mawili kuhusu MIDI, maana watu wengi hudhani ni sauti. Si sauti. Ni lugha ya kuagiza. Ukibonyeza kibonye, kontrola hutuma ujumbe mfupi: noti namba fulani imepigwa, kwa nguvu ya kiasi fulani kati ya 1 na 127, kwenye chaneli fulani kati ya 16 zilizopo. Tarakilishi ndiyo inayochagua kama agizo hilo litalia kama piano, ngoma au mbuzi. Lugha hii ilionyeshwa hadharani Januari 1983 kwenye maonyesho ya NAMM kule California, pale kinanda cha Sequential Circuits, kampuni ya Dave Smith wa Marekani, kilipounganishwa na kinanda cha Roland, kampuni ya Ikutaro Kakehashi wa Japani. Washindani wawili, waya mmoja, vinanda vikaelewana. Toleo la pili, MIDI 2.0, lilipitishwa mwaka 2020, lakini maagizo yale ya 1983 bado yanafanya kazi. Mimi naandika programu ambazo baada ya miaka mitatu hazifunguki, kwa hivyo nawavulia kofia wazee hawa.

Nataja historia hii kwa sababu ndiyo inayofanya swali letu liwezekane. Kama kila kampuni ingekuwa na lugha yake, tungelazimika kununua kila kitu kwa mtu mmoja. Kwa vile lugha ni moja, unaweza kuchukua kinanda kwa huyu, pedi kwa yule, na slaida kwa mwingine.

Basi nikakaa na kalamu. Upande wa kwanza kulikuwa na vitu kama Akai MPK Mini: vibonye 25 vidogo, pedi 8, nobu 8, waya mmoja, kinaingia kwenye mkoba wa shule. Upande wa pili nikaandika kinanda kitupu cha vibonye 49 kama M-Audio Keystation, kisanduku cha pedi 16 kama Akai MPD218, na Korg nanoKONTROL2 yenye slaida 8 na nobu 8. Upande wa kwanza ulinibakizia pesa. Upande wa pili ulinitaka nitafute vitu vya mitumba au niache kimojawapo.

Kusema kweli, moyo wangu ulikuwa umeshaamua. Sisi waandishi wa programu tulilelewa na msemo wa watu wa Unix, kwamba kila programu ifanye kazi moja na iifanye vizuri, kisha ziunganishwe. Na nilikuwa nimetoka kuzika kisanduku cha kila kitu. Lakini ukiamua kwa hasira ya msiba utanunua vibaya. Nikajikumbusha kwamba mifumo ya wateja wangu wadogo huwa naiandika kama kipande kimoja kikubwa, na inawafaa kabisa. Kugawa kazi vipande vipande huja na gharama yake: kila kiungo unachoongeza ni mahali papya pa kuharibika. Duka la mtu mmoja halihitaji idara tano.

Kwa hivyo nikarudi upande wa kwanza. Mimi ni mtu mmoja mwenye mikono miwili na meza ndogo. Nikaazima kisanduku cha rafiki, cha aina ile ile ya kila kitu, nikijiambia nitakitumia wiki mbili kisha ninunue chake au kama hicho.

Hapo ndipo mjomba alipoingia.

Mjomba wangu, kaka ya mama, anakaa upande wa Shinyalu. Ana miaka 71 na amepiga isukuti tangu ujana wake. Kwa wasiojua, isukuti ni ngoma ya Waisukha na Waidakho, na jina lake ni la ngoma zenyewe. Huchezwa kwa seti ya tatu: kubwa, ya kati na ndogo, ambazo nyumbani tunaziita baba, mama na mtoto, pamoja na pembe ya swara na njuga za miguuni. Hupigwa mtoto akizaliwa, vijana wakitiwa jandoni, watu wakioana, na mtu akifa. Mwaka 2014 UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka, na sababu si ngeni kwa mtu yeyote wa huku: wengi wa wanaoijua ni wazee, na vijana wanaoirithi wanapungua. Katika kikundi cha mjomba, yule aliyekuwa akipiga ngoma ya kati tangu mimi nikiwa mdogo alizikwa mwaka jana. Aliyechukua nafasi yake anajitahidi, lakini mjomba husema anajitahidi kwa sauti kubwa mno.

Mimi nilikuwa nimeshaunda isukuti yangu kwenye tarakilishi. Nilirekodi mlio wa kila ngoma mmoja mmoja, nikazipanga kwenye pedi za kile kisanduku cha kuazima, nikapiga baba kwanza, nikarudia nikapiga mama juu yake, kisha mtoto. Kila mara nikaiambia programu inyooshe makosa, yaani kila pigo lisogezwe hadi kwenye mstari wake. Ilitoka safi. Nilijivunia sana! Nikapanda matatu hadi Khayega, boda boda hadi kwa mjomba, kisanduku na kipakatalishi mgongoni, nikamvisha mzee hedifoni.

Alisikiliza mpaka mwisho. Mjomba ni mtu wa adabu. Alivua hedifoni polepole akaniuliza, "Mwihwa, hawa ni watu wangapi?"

Nikamwambia ni mimi peke yangu, mara tatu.

"Nilijua," akasema. "Hawa watu watatu hawajuani."

Nilicheka, lakini njiani kurudi sikucheka. Nilimpa pia pedi zile apige mwenyewe. Alipiga baba kwa mkono wa kulia na mtoto kwa wa kushoto, akaacha, akatafuta kwa macho. Alikuwa anamtafuta mpiga ngoma ya kati. Nikawaita wenzake wawili waliokuwa nje, wakajaribu kupiga pamoja: wanaume watatu wazima, mikono sita, juu ya kisanduku chenye ukubwa wa daftari. Viwiko viligongana, mmoja akagusa nobu sauti ikapotea, wote wakacheka na kurudi kwenye chai.

Hapo nikaona kosa langu. Siku zote nilikuwa nikiuliza swali kama la mtu anayepima meza: ni bora vitu vingi pamoja au mbalimbali? Kisanduku cha kila kitu si kibaya. Kina dhana moja ndani yake, kwamba mtengenezaji wa muziki ni mtu mmoja aliyeketi. Dhana hiyo ilinifaa mimi chumbani. Haikuifaa isukuti, ambayo haijawahi kuwa ya mtu mmoja.

Mtu atauliza, kwa nini usichukue maikrofoni tu urekodi? Nimerekodi, na rekodi hizo nazitunza kama dhahabu. Lakini katika rekodi ya pamoja ngoma tatu zimeshashikana, huwezi kuzitenganisha vizuri. Ukiwa na MIDI ya kila mpigaji peke yake, unaweza kupunguza kasi bila kuharibu mlio, na unaweza kunyamazisha ngoma moja tu. Nilitaka kuandika programu ndogo ambayo kijana anaifungua, ananyamazisha mama, na yeye mwenyewe anapiga mama kati ya baba na mtoto, mjomba akiwa ndiye baba. Leo, kesho, na siku ambayo mjomba hayupo. Hiyo ndiyo iliyokuwa mezani, na 30,000 zangu zilikuwa na kazi kubwa kuliko nilivyodhani.

Nikanunua visanduku viwili vya pedi 16, vya mitumba na vya aina moja. Pesa za cha tatu hazikuwepo. Kinanda nikakiacha. Cha tatu nikakiunda mwenyewe: kile kisahani cha piezo, kile chembamba cha rangi ya shaba kinacholia ndani ya saa na kengele, hutoa umeme kidogo kinapogongwa. Nilikibandika kwenye ngoma ndogo yenyewe, nikaweka kizuia umeme cha ohmu milioni moja kati ya nyaya zake mbili, nikaunganisha na bodi ya Arduino Leonardo, ambayo inaweza kujitambulisha kwa tarakilishi kama kifaa cha MIDI. Kodi yake ni kurasa mbili. Kazi kubwa ilikuwa kuifundisha kwamba mtetemo unaofuata pigo si pigo la pili.

Sasa sikilizeni matatizo, maana wauzaji hawatawaambia.

La kwanza ni umeme. Niliviunganisha vyote kwenye habu moja ya USB isiyo na chaja yake, na pedi zikawa zinazimika zikiwashwa taa. Poti ya USB 2.0 hutoa miliampia 500, na habu isiyo na umeme wake humgawia kila mgeni 100 tu. Nunueni habu yenye chaja. Na siku stima ikipotea, kumbukeni kwamba sasa mna kitu kimoja zaidi kinachoitegemea.

La pili ni majina. Vifaa viwili vya aina moja hujitambulisha kwa jina moja, na ukizima na kuwasha, cha kwanza chaweza kuwa cha pili. Baba akawa mama katikati ya mazoezi. Kama unatumia FL Studio, mpe kila mmoja namba yake ya poti. Mimi niliona ni rahisi zaidi kubandika karatasi ya rangi kwenye kila waya na kuuchomeka mahali pale pale kila mara.

La tatu ni chaneli. Visanduku vyangu vyote viwili vilikuwa vimepangwa kutuma kwenye chaneli ya 10, ambayo kwa desturi ya General MIDI tangu 1991 ni ya ngoma. Noti zikawa na namba zilezile, kwa hivyo mmoja akiinua kidole, agizo lake la kunyamaza linakata mlio wa mwenzake. Baba akae chaneli ya 1, mama ya 2, mtoto ya 3. Dakika tano, na ugomvi umekwisha.

La nne ni ucheleweshaji, na hapa kuna habari njema. Wengi huogopa kwamba vifaa vingi vitachelewa. Ujumbe mmoja wa noti kwenye waya wa zamani wa pini tano, unaopitisha biti 31,250 kwa sekunde, huchukua karibu milisekunde moja, na USB ni nyepesi zaidi ya hapo. Kinachochelewesha hasa ni bafa ya sauti. Bafa ya sampuli 512 kwa kasi ya 44,100 ni karibu milisekunde 12, ya 128 ni karibu 3. Na sauti yenyewe hewani huchukua karibu milisekunde 3 kwa kila mita. Wapiga ngoma waliosimama mita tatu mbalimbali wameshacheleweshana milisekunde 9, na hakuna aliyewahi kulalamika Shinyalu.

La tano sikulitatua. Pedi haijui umeipiga wapi. Ngoma ya kweli ukiipiga katikati inasema neno moja, ukiipiga ukingoni inasema lingine, ukiibana kwa kiganja inameza neno. Nilitenga pedi nne kwa kila mzee, moja kwa kila mlio, lakini ni kama kumwambia mtu aongee kwa kuchagua maneno kwenye menyu. Mzee wa ngoma ya kati alilalamika pia kwamba vidole vinamuuma kwa sababu pedi haidundi kama ngozi.

Hata hivyo Jumamosi moja jioni tulikaa sebuleni kwa mjomba, watatu wakitazamana, mimi pembeni na kipakatalishi. Dakika kumi za kwanza zilikuwa fujo. Kisha wakaacha kutazama taa za pedi wakaanza kutazamana, na mguu wa mjomba ukaanza kugonga sakafu. Mama yake mtu yeyote aliyekuwa jikoni alitoka. Nilirekodi dakika arobaini.

Usiku huo nilifungua data. Ngoma ya kati haikukaa kwenye mstari hata mara moja. Ilikuwa nyuma ya baba kwa milisekunde kama ishirini hivi, pigo baada ya pigo, na mjomba alipoongeza kasi pengo lilipungua bila kuisha. Nikanakili faili, nikanyoosha nakala ile kama nilivyozoea, nikasikiliza. Walikuwa wamerudi kuwa watu watatu wasiojuana. Nikaifuta nakala.

Kwa hivyo, jibu langu kwa mlioniuliza. Kama unafanya kazi peke yako, huna meza, na unasafiri na boda boda, nunua kisanduku kimoja cha kila kitu wala usione haya. Utajifunza mengi kwa waya mmoja. Ukiona kitu kimoja kinakubana, tuseme vibonye 25 havikutoshi kwa nyimbo za kwaya, ongeza kifaa hicho kimoja tu, usitupe cha zamani. Kama mko wengi, au muziki wenyewe ni wa wengi, gawanya tangu mwanzo, na tenga sehemu ya pesa kwa habu na nyaya. Na kabla ya kuuliza bei, uliza ni mikono ya nani itakayogusa hicho kitu.

Nilichopoteza nakiri. Sina kinanda. Sina slaida. Kusafirisha vifaa vyangu kunahitaji mikoba miwili, na mke wangu bado anauliza kwa nini 30,000 zimezaa visanduku viwili vya mitumba na ngoma yenye waya.

Programu inafanya kazi, japo ni mbaya kwa sura. Wiki iliyopita kijana wa jirani ya mjomba alinyamazisha mtoto akaipiga ile ngoma ndogo yenyewe, mzee akiwa baba ndani ya spika na mzee yule yule akiwa kwenye kiti nyuma yake. Alikosea mara nyingi. Mjomba hakumrekebisha. Alisubiri hadi mwisho, akaniita kando, akaniambia vile visahani vya shaba ni afadhali kuliko pedi, niviweke kwenye ngoma zote tatu. Halafu akauliza pembe itaingiaje kwenye tarakilishi.

Sijui nitamjibu nini. Mkiwa na wazo, niandikieni. Haya, hadi siku nyingine.